Gunia Nililoambiwa Nisiliache

Nilikuwa darasa la tatu, na karibu kila kitu kilinitisha.

Kwanza mashine ya kusaga. Iliwekwa nyuma ya nyumba yetu Miyuji, miaka ile ambayo kila mwenye uwezo kidogo alifungua kitu chake: duka, gereji, banda la mitumba. Watoto wenzangu waliifurahia, maana hawakulazimika tena kubeba mahindi hadi mjini. Mimi ikiwashwa nilihisi sauti yake kwenye meno. Niliingia uvunguni mwa kitanda na kanga ya mama kichwani, nikakaa humo mpaka izimwe. Nilitapika mara kadhaa. Baba alidhani ni malaria.

Nguo nazo zilinitesa. Mshono wa ubavuni ulinikwaruza kama mwiba, kwa hiyo gauni langu la njano nililivaa nje ndani, na nililivaa hilo hilo kila siku isiyo ya shule. Na mlenda, ile mboga ya kuteleza. Bibi yangu alikuwa akiniwekea bakuli mbele, ananitazama, kisha anawageukia wengine.

"Mgogo gani huyu asiyekula mlenda?"

Watu walicheka. Mimi nilikuwa natetemeka, kwa sababu ule utelezi ulinishukia kooni kama kitu chenye uhai.

Lakini nilichokiogopa kuliko vyote ni maneno ya watu. Maneno yalisema jambo moja, kisha watu wakakasirika kwa sababu nimefanya jambo hilo hilo. Siku moja mwalimu alinikuta nagonga dawati kwa kidole, mara nne, napumzika, mara nne. Akasema, "Rudia tena uone!" Nikarudia, kwa kuwa ameniambia, na kwa kuwa nilitaka kuona. Nilichapwa mbele ya darasa. Nilipofika nyumbani nilimuuliza mama kosa langu ni lipi. Akasema, "Mwanangu, wewe sijui nikufanyeje."

Hilo nalo niliogopa. Sikujua angenifanya nini.

Baba alikuwa karani serikalini. Walipoanza kupunguza watu, naye akapunguzwa, akawa mtu wa kukaa barazani na redio isiyowashwa. Mama ndiye akaingia kwenye mahindi. Zamani mahindi hayakuwa ya kila mtu. Ukikutwa umepakia magunia bila kibali unashushwa kwenye kizuizi. Sasa ilikuwa ruhusa. Mama alizunguka vijijini, akakusanya, akapeleka Kibaigwa, ambako malori ya Dar yalisimama kando ya barabara kuu kungoja mzigo. Soko lenyewe lilikuwa vumbi, maturubai na milima ya magunia.

Likizo moja bibi alikuwa mgonjwa na hapakuwa na wa kukaa nami, kwa hiyo mama akanichukua.

Tulifika asubuhi. Kelele zilinipiga kabla sijashuka kwenye gari: madalali wanaitana, injini zinaunguruma, makuli wanaimba wakipandisha magunia mgongoni, kondoo wanalia. Nikaziba masikio. Mama alinivuta hadi kwenye rundo lake la magunia kumi na mawili, yote yameshindiliwa lumbesa, yale ya kujaa hadi vifuniko vyake vya kamba vinasimama kama vichuguu. Akaninyanyua, akanikalisha juu ya gunia la mwisho, akanifunika kanga yake. Aliinama hadi uso wake ukawa mbele ya uso wangu, nami nikatazama hereni yake, kama kawaida.

"Nakwenda kumtafuta dalali. Kaa juu ya gunia hili. Usiliache mpaka nirudi, hata iweje. Umenisikia?"

"Ndiyo."

"Nimesemaje?"

"Nikae juu ya gunia hili. Nisiliache mpaka urudi. Hata iweje."

Akaondoka. Nilipoa kidogo. Kazi niliyopewa ilikuwa inaeleweka, na kazi inayoeleweka ilikuwa kama ukuta wa kuegemea.

Jua lilipofika utosini wakaja makuli. Mmoja wao, mtu mzima mwenye shati la kijani lililochanika begani, alikuwa na chaki na karatasi. Akasema, "Haya, kumi na mawili ya yule mama wa Miyuji. Yameshalipiwa, pakieni." Walianza kubeba. Gunia moja, la pili, la tatu. Nilihesabu. Kadiri rundo lilivyopungua nilizidi kuibana kamba ya gunia langu, kwa sababu mama hakuwa amerudi na zamu ya gunia hilo ilikuwa inakaribia.

Lilipobaki peke yake, mwenye shati la kijani akanijia.

"Shuka, mtoto."

"Mama amesema nisiliache gunia."

Akacheka. "Gunia linasafiri. Utasafiri nalo?"

"Ndiyo."

"Mama yako anajua?"

"Mama ndiye amesema."

Akanitazama. Nadhani aliona mtoto asiyelia, aliyekaa wima na kanga yake, anayejibu bila kusita. Siku zile watu wengi walisafiri juu ya mizigo, na watoto wa wafanyabiashara pia. Makuli wawili walipandisha gunia langu. Mimi nikalifuata hadi kwenye lori nimelishika kamba, nikamwinulia mikono yule mwenye shati la kijani nikasema, "Naomba unipandishe." Akanishika makwapani, akanipandisha. Nikakaa juu ya gunia langu, turubai likafunikwa, na lori likaondoka.

Ni vigumu kueleza hofu ile. Chini ya turubai palikuwa na giza na harufu ya dizeli, na mngurumo ulipita kwenye magunia ukaingia mifupani. Nilijua jambo baya linatokea. Nilijua mama hayumo. Lakini amri ilikuwa wazi, na ndani ya amri hapakuwa na mlango. "Hata iweje," alikuwa amesema, na hii ndiyo ilikuwa "hata iweje" yenyewe. Nilishika kamba ya lumbesa kwa mikono miwili nikahesabu hadi elfu moja, nikaanza upya. Nilijikojolea. Sikulia. Kilio kilikuwa kimekwama mahali nisipoweza kukifikia.

Lori lilisimama Gairo. Dereva alipanda kukaza kamba, akafunua turubai, akaniona. Alipiga kelele, nusura aanguke.

"Wewe! Mtoto wa nani wewe?"

"Wa mama."

"Mama yuko wapi?"

"Amekwenda kumtafuta dalali."

"Dalali wa wapi? Umepandia wapi?"

"Kwenye gunia."

Utingo wake, mzee mwenye mvi, alikuja kutazama. "Huyu hayuko sawa," alisema. "Tumkabidhi polisi twende zetu."

Dereva alikuwa anatoka jasho. Baadaye nikiwa mkubwa ndipo nilipoelewa kwamba naye aliogopa: kulikuwa na uvumi wa watu wanaoiba watoto, na mtoto amekutwa kwenye lori lake. Angeweza kuniacha pale. Badala yake alichuchumaa juu ya mahindi, akashusha sauti.

"Mama alikuambiaje? Niambie maneno yake."

Nikamwambia, yote, kama yalivyo. Alifumba macho. "Mungu wangu," alisema. Kisha akamwachia mzee lori, akasimamisha basi lililokuwa linatoka Morogoro, na akanirudisha mwenyewe. Ili niliache gunia ilibidi anikokote. Nilimng'ata mkono. Alama ya meno yangu aliifunika kwa leso njia nzima wala hakunigombeza.

Tulipokaribia Kibaigwa niliona umati. Watu wote waliokuwa wametapakaa asubuhi sasa walikuwa wamejikusanya mahali pamoja, na kelele yao ilikuwa ya namna nyingine, nzito. Tuliposhuka, mtu akapaza sauti, "Huyu hapa! Mtoto huyu hapa!" Mikono ikanishika kila upande. Mama alitokea kati ya watu, hana kilemba, mguuni ana kiatu kimoja tu, akanikumbatia kwa nguvu hadi nikakosa pumzi.

Katikati ya umati, kwenye nguzo ya kibanda, alikuwa amefungwa yule mtu mwenye shati la kijani. Alikuwa amefungwa kwa kamba ya magunia. Mdomo wake ulikuwa umevimba, na kidole kimoja kilikuwa kimeelekea upande ambao vidole havielekei. Muuza karanga alikuwa amemwona akimbeba mtoto mwenye gauni la njano, basi.

Mwanamume mwenye rungu alinisogelea. Alisema kwa upole kabisa, "Usiogope, mama. Tuambie. Ni huyu aliyekuchukua?"

Nikamtazama yule kuli. Alikuwa amenishika makwapani, ameninyanyua, amenipandisha.

"Ndiyo," nikasema.

Rungu likashuka. Kisha wengi wakamshukia.

Mpaka leo sijui kuandika sauti ile. Nilijua nimesema kweli. Nilijua pia kwamba kweli yangu ndiyo inayompiga, na sikujua ni kwa namna gani. Dereva alikuwa anapiga kelele, "Subirini! Subirini, mtoto ameniambia!" lakini nani wa kumsikiliza, naye ndiye mwenye lori? Wawili walikuwa wameshamkamata ukosi. Nikafungua mdomo. Sauti haikuwemo. Nilikuwa nayo kwenye basi, nilikuwa nayo sekunde chache nyuma, na sasa kooni palikuwa pakavu kama kisima cha Oktoba. Nikaanza kujipiga kichwani kwa ngumi.

Mama alinishika mikono. Sijui alionaje. Yeye, ambaye kila siku alisema hajui anifanyeje, alipiga magoti kwenye vumbi, akachukua kanga, akatufunika vichwa vyetu wote wawili. Ndani yake palikuwa na mwanga mwekundu na pumzi yake. Hakuniuliza ni nani. Hakuniuliza kwa nini. Alisema polepole sikioni mwangu, "Anzia nilipokuacha. Kila neno. Usiruke."

Hilo niliweza. Nikaanza kwa mnong'ono. "Umesema nikae juu ya gunia hili."

Mama akapaza sauti kutoka ndani ya kanga, akapaza kwa nguvu za mtu anayeita ng'ambo ya mto: "Nilimwambia akae juu ya gunia hili!"

"Umesema nisiliache mpaka urudi, hata iweje."

"Nilimwambia asiliache, hata iweje!"

Tukaendelea hivyo. Niliwahesabu makuli, nikataja gunia la kwanza lilibebwa na nani na la pili na nani. Mama alirudia yote, hata yasiyo na maana, kwa sababu alijua nikirukishwa nitapotea. Kelele za nje zilipungua kidogo kidogo. Nilipofika kwenye "Mama yako anajua?" na "Mama ndiye amesema," sauti ya mama ilikatika, akashindwa kurudia. Akajaribu tena. Mara ya tatu ndipo maneno yalipotoka. Halafu: "Nikamwomba anipandishe."

"Alimwomba," mama alisema. "Ni mtoto wangu aliyemwomba."

Walimfungua. Hakuna aliyeomba radhi; umati uliyeyuka tu, kila mtu akakumbuka ana shughuli. Mwenye rungu alikuwa wa kwanza kuondoka. Dereva alinunua maji, akamnywesha yule kuli taratibu, kisha akatafuta gari la kurudi Gairo. Mama alikaa chini mbele ya kuli na kumfunga kidole kwa pindo la kanga.

Yule mtu alinitazama mimi, akamwambia mama, akisema kwa shida, "Mfundishe kulia. Angelia, ningejua."

Mama alijaribu. Kwa wiki kadhaa aliniweka mbele ya kioo: hivi ndivyo uso unavyokuwa ukiogopa, hivi ukiumwa, hivi ukitaka msaada. Nilijifunza nyuso tatu. Wanaozivaa bila kufundishwa hawajui jinsi zinavyochosha. Lakini jambo kubwa zaidi alilibadilisha yeye mwenyewe. Hakuniagiza tena bila kuniwekea mlango. "Kaa hapa. Lakini mtu akitaka kukuhamisha, piga kelele uniite. Mvua ikinyesha, ingia ndani." Wageni walimshangaa. Bibi alisema ananidekeza.

Nami nilianza kuogopa neno "ndiyo". Hata sasa, miaka mingi baadaye, kazini watu wakiniuliza swali la ndiyo au hapana, nanyamaza kwanza, natafuta ni nani anaweza kuumizwa na jibu. Wananiona mzito. Neno usonji nilikuja kulijua nikiwa mtu mzima, daktari alipolitamka kwa ajili ya mtoto wa mdogo wangu, akaeleza dalili zake moja baada ya nyingine, nami nimekaa pembeni nikihisi mtu anasoma mambo yangu kwa sauti mbele ya wageni. Niliogopa hata siku ile. Nilirudi baadaye peke yangu, akanisikiliza kwa saa nzima, akasema nami pia ninao.

Nilimweleza mama. Tulikuwa uani kwake, anachambua karanga, na alikuwa amezeeka. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilidhani atauliza kama kuna dawa.

"Yule kuli," akasema. "Kuna jambo sijakuambia. Muuza karanga aliponiambia, mimi ndiye niliyemkimbilia. Kabla ya mtu yeyote. Mimi ndiye niliyempiga wa kwanza."

Sikujua niuvae uso upi kati ya nyuso zangu tatu, kwa hiyo sikuvaa wowote. Nikauliza swali ambalo lilikuja.

"Mara ngapi?"

Mtu mwingine angeona ni ukatili. Mama alifikiri, akahesabu kweli.

"Mara tatu. Kwa kiatu." Karanga zilikuwa zinamdondoka. "Nilikuwa na hofu, mwanangu. Sijawahi kuogopa vile, kabla wala baada."

Nikasogeza kigoda changu karibu, nikaanza kuziokota zile zilizoanguka.