Mrututu Uliopauka

Juzi hapa kwetu Mugutha, jirani yangu alikuwa akikoroga dawa ya kopa, yaani shaba, ya kupulizia kahawa. Nilipoona yale maji ya samawati ndooni nikageuza uso kama mtoto mwenye kosa, na mimi ni mama mzima.

Nilikuwa kidato cha pili, Thika. Siku ya mashindano ya sayansi kundi letu lilileta seli: kipande cha zinki kwenye myeyusho wake, cha shaba kwenye maji ya mrututu, ile chumvi ya shaba ya samawati, na voltimita katikati. Tungeonyesha kwamba mrututu ukizimuliwa sana, volti hushuka. Vipimo vyote vya myeyusho vilitoka kwa Mzee Kamau wa maabara, aliyekuwa bado kibarua. Mwalimu mkuu alimwambia mbele yetu, "Vipimo vikikosea tena, Kamau, Jumatatu usirudi."

Asubuhi hiyo kiwiko changu kikagonga chupa ya myeyusho mkali. Nusu ikaenda sinki, na mrututu mwingine haukuwepo. Nikafanya kama mama anavyofanya na supu wageni wakiongezeka: nikajaza maji hadi kwenye alama, nikanyamaza.

Niliogopa, jamani. Nilijua voltimita itanisema, na Mzee ndiye atakayefukuzwa. Tukaunganisha nyaya, sindano ikapanda, ikasimama kwenye moja nukta moja, palepale pa majaribio ya jana. Sikuamini bahati yangu.

Mzee Kamau akainua chupa, akaiangalia kwenye mwanga wa dirisha. Halafu akaniangalia mimi.

"Wambui, umekunywa chai?"

"Eee, nimekunywa."

"Haya, songa kidogo, mami. Waamuzi ndio hao."

Akasimama kati ya dirisha na chupa zetu, na hakubanduka hapo mpaka waamuzi walipomaliza. Nilikasirika kweli. Mzee gani huyu anatuzibia mwanga siku ya mashindano?

Miaka baadaye, nikiwa chuoni na chumba cha kupanga mtaa wa Kahawa Wendani, nilipiga hesabu ya seli ile. Kuzimua myeyusho nusu kwa nusu hushusha volti kwa sehemu chache tu za elfu za volti moja. Sindano ya shule haiwezi kuona hilo. Kinachoonekana ni rangi, hasa kwenye mwanga wa dirisha, na mtu aliyekoroga mrututu miaka yote hiyo angeitambua akiwa mlangoni.

Nililia juu ya daftari. Mwamuzi mmoja angeuliza mbona samawati imepauka, Mzee asingekuwa na kazi Jumatatu. Alilijua hilo, akaniuliza kama nimekunywa chai.