Mikono Isiyosikia Joto la Injini

Saa moja asubuhi, Shituru, mjini Likasi. Baridi ya mwezi wa saba imeng'ang'ania barabara, na wapita njia wamejifunika hadi masikioni. Arsène Mwepu ameinama juu ya injini ya Hiace inayonguruma, macho kwenye mpira wa juu wa rejeta, mikono nyuma ya mgongo. Haugusi. Anageuka upande wa pili wa barabara na kuita.

"Mama Élisabeth, kuya basi. Imeanza kupata moto."

Mkewe, Eugénie, anayeitwa kwa jina la binti yao, anaacha karai la vitumbua, anapangusa mafuta kwenye kitenge na kuvuka. Anaugusa mpira wa juu kwa kidole na kuuachia upesi. Kisha anapeleka mkono chini, kwenye mpira wa pili, na kuutuliza hapo.

"Ya yulu iko moto. Ya chini iko baridi."

Arsène, mwenye miaka hamsini na saba, ni fundi wa injini, na sifa yake kubwa Likasi ilikuwa joint ya culasse, yaani gasketi inayozuia maji kuingia penye moto wa injini. Ikiungua, hubadilishwa. Lakini kazi haihesabiwi kuwa imekwisha mpaka joto litulie, na joto hilo fundi wa hapa hulijua kwa kiganja. Mpira wa chini ukibaki baridi, maji hayazunguki, na injini itajipika yenyewe.

Viganja vya Arsène havijui tena moto wala baridi.

Ndani ya Hiace, Swedi, mwenye gari, haondoi macho kwenye mshale wa joto. Umepita katikati na unaendelea kupanda.

"Papa Arsène, nizime?"

"Usizime. Ngoja Mama aseme."

Wanangoja. Eugénie hasogei, kama anayesikiliza mapigo ya mgonjwa. Hatimaye anaitikia kwa kichwa. "Sasa njo inakuya moto. Ya chini nayo." Kile kimlango kinachofungulia maji, ambacho mafundi wa Likasi hukiita calorstat, kimefunguka. Mshale unashuka taratibu, na Swedi anashusha mabega.

Mwaka juzi, dereva wa lori lililotoka Kakanda alikuwa na haraka, na Arsène akamfungulia kifuniko cha rejeta kabla injini haijapoa. Maji yalimrukia. Uso ulipona, ngozi ya mikono ikarudi, lakini hisia hazikurudi. "Daktari alisema mishipa imekufa, pengine itaamuka, pengine apana," anasimulia. "Minye sikuambia muntu."

Akarudi kazini akijifanya mzima. Alishika mipira kama zamani, akakunja uso kidogo, akasema iko bien, yaani iko sawa. Hivyo ndivyo alivyoliruhusu gari la Laure, mfanyabiashara wa unga, liondoke kwenda Kambove na hewa imenasa kwenye maji. Liliungulia mlimani. Laure aliuza injini kama chuma chakavu, na mpaka leo anauza unga kwa rejareja barazani kwake.

"Alinisalimia juzi kanisani," anasema Arsène. "Hajui. Ile salamu iliniuma kuliko maji ya moto."

Jioni ya siku ile gari la Laure lilipokufa, alimwambia mkewe kila kitu. Eugénie anakumbuka alimwacha kwanza amalize kula bukari, yaani ugali. "Kisha nikamwambia, weye uko na akili ya injini, minye niko na mikono. Tutafanya namna gani ingine?"

Madereva wote wa maegesho ya jirani walicheka. Fundi gani anayeita mke aje kupapasa injini? Waliokuwa wakimletea magari matatu kwa juma wakaleta moja, kisha hata hilo likawa la kusubiriwa. Hiace ya Swedi, aliyoibadilishia gasketi, ndiyo kazi kubwa ya kwanza baada ya miezi mingi. Ikitulia, madereva wengine watarudi. Isipotulia, Arsène anajua kitakachosemwa.

Baada ya injini kutulia pale barabarani, inabaki kuijaribu mlimani. Eugénie anamwachia jirani karai na kupanda nyuma. Mwendo ni mzuri mpaka mlima wa njia ya Kambove unapoanza. Hapo mshale unapanda, unashuka, unapanda tena, na safari hii haushuki.

Wanasimama kando. Kifuniko hakiguswi. Eugénie anapapasa chini. "Imerudi baridi," anasema kwa sauti ndogo.

Arsène anaufinya mpira wa juu kwa kitambaa. Joto halijui, lakini ugumu bado anaujua. "Iko nguvu sawa muti," anasema. Hapo ameshaelewa: moshi wa injini unasukumwa ndani ya maji. Kichwa cha injini chenyewe kina ufa, na gasketi mpya haiwezi kuuziba.

Angeweza kusema iko bien. Gari lingefika mjini polepole, lingekwenda siku chache, na lawama ingeuangukia mwendo mbaya wa Swedi. Arsène anakunja kitambaa na kumgeukia mwenye gari.

"Swedi, ndugu yangu, culasse imepasuka. Niliitazama kabla ya kufunga, sikuona. Usibebe bantu na hii gari."

Swedi anachuchumaa kando ya gurudumu. Ana watoto na hana gari lingine. Injini ikishapoa, anainuka na kusema, "Afazali umeniambia huku. Nikipata culasse ingine, nitaleta kwako. Lakini Mama akuwe pale."

Hajaipata bado. Hiace ipo juu ya matofali mbele ya kibanda cha Arsène, na kila dereva anayepita anaiona na kuamua anavyotaka. Kwa Laure, Arsène amepanga kwenda Jumapili baada ya misa. Hana cha kumlipa, ila anataka mama huyo ausikie ukweli kutoka kinywani mwake mwenyewe.

Ukimuuliza anatumaini nini, hazungumzii magari. Anamtazama Dodo, mjukuu wake, binti wa Élisabeth, aliyelala kwenye mkeka karibu na jiko la bibi yake. Mwezi uliopita alimbeba mchana kutwa, akamshika paji la uso, akawaambia watu mtoto hana kitu. Eugénie aliporudi na kumgusa, alipiga kelele. Mtoto alikuwa anaungua kwa homa, na walimkimbiza hospitali akiwa ameshaanza kukakamaa.

"Injini, Mama atanigusia mupaka nitakufa," anasema Arsène. "Lakini mutoto akilala mu mikono yangu, nataka nisikie minye mwenyewe kama iko moto."