Watu wa Jumanne na Watu wa Ijumaa

Recho, mama yake Asnath, aliwajua wageni kwa mashuka yao kabla hajawajua kwa majina. Kwa miaka mitano alikuwa akifua, akipika na kutandika vitanda katika nyumba ya wageni ya shirika moja la misaada, kule Bangwe, Kigoma, kando ya ziwa. Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Kambi ya Lugufu ilikuwa imefurika, boti hazikuacha kuvuka kutoka Kongo, na kila wiki ndege ndogo ya shirika ilishusha madaktari na mafundi wa maji waliotoka kwao Ulaya au Marekani, wakabadili ndege Nairobi na kuja moja kwa moja.

Ndege hiyo ilikuja mara mbili kwa wiki. Jumanne ilitua asubuhi. Ijumaa ilitua jioni, jua likishaelekea milima ya ng'ambo.

Mgeni wa Jumanne alikuwa na ombi moja tu: kitanda. Alilala mchana kutwa. Kesho yake alfajiri Recho alimkuta barazani, macho mekundu kama mla pilipili, chupa ya chai tupu, sukari imemwagika mezani, naye anauliza kama hiyo ni asubuhi au jioni. Siku tatu nzima alisinzia mikutanoni. Mgeni wa Ijumaa alioga, akala samaki wake wa mgebuka na ugali, akalala wenyeji walipolala na kuamka wenyeji walipoamka. Jumamosi alikuwa mzima kabisa, anacheka.

Hakuna aliyemwomba Recho achunguze. Alikuwa ameishia darasa la saba, na kazi yake ilikuwa mashuka. Lakini jicho lake halikujua kupumzika, na jambo lisilo na maelezo lilimkera kama mchanga kwenye dagaa. Nyumbani kwake Ujiji, mtu akiamka vibaya aliambiwa, "Leo umekuwa mtu wa Jumanne."

Basi siku moja karani wa ofisi, Nikodemu, Mhaya aliyehamishiwa Kigoma na hakuacha kulalamikia ndizi za huku, alishuka na karatasi ya faksi mkononi.

"Mama Asnath! Mwanao anakwenda Japani!"

Asnath alikuwa fundi wa maabara kambini, anasoma slaidi za malaria kwa hadubini tangu asubuhi hadi macho yamwume. Aliomba mafunzo ya mwaka mmoja, na amechaguliwa. Ila faksi ilikuwa na mkia. Wameitwa kumi, nafasi ni sita. Jumatatu saa tatu asubuhi, siku moja tu baada ya kufika, kila mmoja angepewa slaidi ishirini azisome. Wanne wangerudishwa.

Hapo Recho aliingiwa na wasiwasi. Alimjua mwanawe. Asnath alikuwa na mikono mizuri na macho makali, lakini kwa usingizi alikuwa gogo. Utotoni aliwahi kulala juu ya magunia ya dagaa ndani ya boti, kutoka Kagunga hadi Kibirizi, mashine ya boti ikiunguruma pembeni ya sikio lake. Na akiwa na usingizi, alihesabu vijidudu mara mbili.

"Wamekupa ndege mbili uchague," Nikodemu alimsomea Asnath jioni ile, wote watatu wakiwa jikoni. "Moja inafika Jumapili saa moja asubuhi. Nyingine inafika Jumapili hiyohiyo, saa kumi na moja jioni. Kesho mchana nijibu. Mimi ningechukua ya asubuhi. Unapata siku nzima ya kupumzika."

"Hata mimi," alisema Asnath.

"Hapana," alisema Recho. Alikuwa anamenya vitunguu na hakuinua uso. "Hiyo ni ndege ya Jumanne."

Nikodemu akacheka. "Mama, hii inafika Jumapili."

"Nakuambia ni ya Jumanne. Atapewa kitanda asubuhi. Huyu, apewe kitanda, akikatae?"

Asnath alicheka pia, lakini yeye alikuwa amesoma, akaleta hoja. "Mama, wageni wako wanatoka Ulaya na Marekani. Mimi naenda mawio ya jua. Wakati Wajapani wanakwenda kulala, hapa jua bado linawaka. Nitafika jioni yao, nitajilaza, na usingizi hautakuja. Halafu asubuhi yao, ya mtihani, mwili wangu utadhani ni usiku wa manane. Nitasinzia juu ya hadubini."

Recho akaacha kisu. Hoja ilikuwa na nguvu. Tena ilimvutia, maana ilimkumbusha saa ya Bwana Moriyama.

Bwana Moriyama alikuwa fundi wa visima, Mjapani, mkaaji wa chumba namba nne. Saa yake ya mkono aliiacha juu ya meza alipokwenda kuoga. Wiki ya kwanza Recho aliitazama akashangaa. Saa zote alizowahi kuona zilikuwa na ukaidi uleule: ikiwa saa mbili asubuhi, mshale mfupi unaonyesha nane, na mtu lazima ageuze kichwani. Hii ilisema kama watu wanavyosema. Saa mbili, mshale kwenye mbili. Saa tano, mshale kwenye tano. Recho aliwatangazia wenzake kwamba huyu mgeni ana adabu kuliko wote, amejifunza Kiswahili mpaka kwenye saa. Siku ya tatu alimshukuru mwenyewe.

"Asante baba, kwa kutuheshimu kwenye saa."

Bwana Moriyama alipoelewa, alicheka mpaka chai ikamwagika. "Samahani, mama. Mimi sijabadilisha. Hii ni saa ya nyumbani, kwa mke wangu. Japani sasa ni mchana, saa nane. Kwetu tunaiita mbili."

Recho aliona haya siku mbili. Siku ya tatu haya ziliisha, udadisi ukabaki. Saa sita kamili ndizo zilizowatenganisha, saa zilezile sita ambazo Mswahili huzigeuza kichwani kila siku. Kwa hiyo namba inayotajwa Kigoma ndiyo inayoonyeshwa na mshale wa Japani. Ila mchana na usiku tu havilingani.

Sasa pale jikoni alimwambia mwanawe, "Nipe saa yako." Akazungusha mshale mpaka ukasimama kwenye moja, maana ilikuwa saa moja jioni. "Hapa tunasema moja. Kwao ni moja, usiku wa manane. Nikodemu, hiyo ndege ya jioni inatoka Dar saa ngapi?"

"Jumamosi, kumi na moja jioni."

"Kwao kumi na moja, ya usiku. Watu wamelala. Halafu?"

"Anabadili ndege kwa Waarabu. Ya pili inaruka wakati hapa kwetu ni saa nane usiku."

"Kwao nane, ya asubuhi. Watu wanakwenda kazini." Recho alikuwa anazungumza polepole, kama anayekanyaga mawe ya mtoni. "Basi ndege ya kwanza ni usiku wao. Asnath, hapo ulale, hata jua likikuchoma usoni. Ya pili ni mchana wao. Hapo usilale, hata wazime taa. Utakaa macho mpaka utue, utakaa macho mpaka ule chakula cha jioni. Halafu utaona kama usingizi hautakuja."

Nikodemu akahesabu kwa vidole, akarudia. "Mama Asnath," alisema, "wewe umefichwa jikoni bure."

"Na ndege ya pili nitakaaje macho?" Asnath aliuliza. "Unanijua."

Recho alikuwa ameshaliwaza hilo. Aliingia chumbani akatoka na uzi mweupe na sindano ya kufumia vitambaa. "Mtu hafumi akiwa amelala."

Kesho yake asubuhi alipopeleka chai namba nne, alimwuliza Bwana Moriyama. Mjapani aliinamisha kichwa, akafikiri, akasema, "Ni sawa. Mimi nikienda nyumbani, nalala kwenye ndege ya pili. Siku zote nakosea." Faksi ikajibiwa: ndege ya jioni.

Asnath aliondoka. Tangu Jumamosi hiyo Recho hakuwa mtu wa kukaa. Aliunguza maharage, akapiga pasi shuka moja mara mbili. Usiku wa kuamkia Jumatatu macho yalimfumbuka yenyewe. Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa usiku. Na kule Japani mshale uko kwenye tisa, ndiyo saa tatu ya mtihani, asubuhi nyeupe, mwanawe anainama juu ya slaidi ya kwanza. Recho hakulala tena.

Saa nne asubuhi simu ya ofisini ililia. Nikodemu aliinyakua, akamkabidhi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umelala?"

"Mama, huulizi mtihani?"

"Nakuuliza umelala?"

"Nimelala kama gogo, usiku wao, nikaamka kabla ya kengele. Ndege ya pili nimefuma mizunguko kumi na minne. Miwili imepinda, hapo nilisinzia." Asnath akavuta pumzi. "Slaidi kumi na tisa kati ya ishirini. Nimebaki, Mama."

Recho alikaa kwenye kiti cha karani bila kukaribishwa. Nikodemu alipiga makofi, dereva nje naye akapiga bila kujua ya nini.

"Wenzako?"

"Watano tumepita, wanne wanarudi. Nafasi moja bado. Wamempa Jonathan wa Dodoma arudie kesho, wanasema mkono wake ni mzuri ila leo alikuwa kama mlevi. Alikuja na ndege ya asubuhi. Amelala Jumapili kutwa, usiku akawa anatembea kwenye ukumbi."

"Mtu wa Jumanne."

"Kabisa."

"Sasa hivi yuko wapi?"

"Chumbani. Amesema anapumzika ili kesho awe na nguvu."

Recho akasimama. Aliitazama saa ya ofisi, akaigeuza kichwani kama alivyozoea, halafu akakumbuka kwamba kwa Japani hana haja ya kuigeuza tena. "Hapa ni saa nne. Mshale wenu uko wapi?"

"Kwenye nne."

"Mchana mweupe! Asnath, acha kuongea na mimi. Nenda kamwamshe mtoto wa watu."

"Mama, ni mwanamume, siwezi kuingia..."

"Gonga mlango! Mpe uzi afume!"

Upande wa pili mkono wa simu uliwekwa mezani bila kukatwa. Recho alitega sikio, akasikia viatu vya mwanawe vikikimbia kwenye sakafu ya mbali, halafu mlango ukigongwa, ukigongwa tena.