Mlezi wa Kitenge

Agripina, fundi cherehani wa Utemini, mjini Singida, alikuwa na mtoto mmoja na paka mmoja. Mtoto, Jesca, aliolewa Mitundu. Paka aliitwa Kitenge kwa ajili ya mabaka yake meusi, meupe na ya rangi ya kutu, na tangu Jesca aondoke, ndiye aliyekuwa akisemeshwa mle ndani.

Jesca alipopiga simu kwamba anakaribia kujifungua, Agripina alipiga kigelegele peke yake. Kisha akamtazama Kitenge, aliyelala juu ya vipande vya vitambaa. "Na wewe nikuache kwa nani?"

Alianzia kwa jirani yake, Severina. Severina alikubali mara moja, ila uani kulikuwa na vifaranga, na Kitenge alipowaona akajikunyata, mkia ukaanza kuchezacheza.

"Hapana, dada," Agripina akasema, akimnyakua. "Tutakuja kugombana bure."

Akaenda kwa Urbano, mwenye ghala la alizeti. Urbano alifurahi mno. "Mlete hata leo! Ila simlishi. Akishiba atalala, panya watanimaliza."

"Huyu si kibarua, Urbano," Agripina alisema, akaondoka amenuna.

Njiani akapita sokoni kwa Mzee Abdillahi, muuza dagaa, mjane aliyekuwa akishonewa kanzu zake na Agripina.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Jesca. Mbona unatembea na paka kama mwali?"

Agripina akamweleza. Mzee aliweka chini kopo la kupimia dagaa. "Huwa anaogopa nini?" akauliza.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo. "Radi," Agripina akajibu. "Na pikipiki."

"Basi alale chumbani kwangu, upande wa uani. Niletee na kitambaa anachokipenda."

Severina aliposikia, alicheka mpaka akakaa chini. "Paka kwa muuza dagaa! Umempa fisi bucha alinde!"

Agripina alisafiri hivyo hivyo. Alikuwa Mitundu, Jesca amekwisha kushikwa na uchungu, simu ilipolia.

"Mama Jesca," sauti ya Mzee Abdillahi ilikuwa chini, "Kitenge simwoni. Nimefunga duka, namtafuta. Wewe shughulika na mtoto."

Agripina aliendelea kumkanda Jesca mgongo, machozi yakimlengalenga. Jesca, katikati ya uchungu wake, akauliza, "Mama, unalia kwa ajili yangu au ya paka?" Wakacheka wote wawili, na mkunga naye akacheka.

Mtoto alikuwa wa kike, mwenye sauti kubwa. Agripina alikuwa bado amempakata, Mzee akapiga tena. Kitenge amepatikana! Alikuwa amerudi Utemini, ameketi mlangoni kwa Agripina, anausubiri mlango ufunguliwe.

Agripina aliporudi Singida ndipo Severina, safari hii bila kicheko, alipomsimulia yaliyofuata. Kila siku baada ya swala ya alasiri, Mzee Abdillahi alimleta Kitenge kifuani mwake. Alikaa naye pale kizingitini, akimwonyesha kufuli, akizungumza naye. Paka akisharidhika kwamba hakuna mtu ndani, walirudi zao.

"Nilimuuliza anamwambia nini," Severina alisema. "Akanijibu, 'Namwambia mama yake atarudi. Mimi mke wangu hakurudi, ila huyu atarudi.'"

Agripina alikwenda sokoni na asali ya Itigi mkononi. Kitenge alikuwa juu ya kiti cha mzee, amenenepa, mbele ya magunia ya dagaa ambayo hakuyatazama hata kidogo. Alimjia Agripina mbio, akajisugua miguuni, akapanda begani.

Mzee Abdillahi alifurahi nao, kisha akaanza kukikunja kile kitambaa polepole, akikilainisha kwa kiganja.

"Kiache hapo, mzee," Agripina akamwambia. "Wateja wangu wa asubuhi wana watoto wasumbufu, wanamvuta mkia. Ningependa awe anashinda hapa, jioni nimfuate. Kama hutachoka naye."

"Nichoke?" Mzee akakitandaza kitambaa tena kitini. "Kesho mlete mapema. Sasa kaa, mama Jesca, uniambie: mjukuu mmempa jina gani?"