Mbaazi Zilizofika Marseille

Tulipofika kidato cha tatu katika shule yetu ya wasichana huko Kitui, tuliambiwa tuchague kati ya sayansi kimu na Kifaransa. Nilichagua Kifaransa. Tulikuwa saba tu, na wenzetu walipita dirishani kwetu wakibeba keki zao za moto. "Haya, mademoiselle," walisema, "utaongea Kifaransa na mbuzi wa baba yako?" Leo nina diploma ya usimamizi wa hoteli niliyoisomea Brussels kwa jasho langu, bila mjomba serikalini. Nimerudi nyumbani, nimejenga, na baadhi ya waliocheka huniletea watoto wao niwashauri wasome nini. Lakini Kifaransa kilinifaa kabla sijaiona Ulaya, na kilikuwa kile cha shule tu.

Mwalimu wetu alitoka Burundi. Kila Ijumaa alitusomea imla mara moja, haraka kama mtu anayekimbia mvua, nasi tuliandika tulichosikia. Nililia machozi kwa sababu ya zile imla.

Mama alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wa kanisa letu karibu na Kambu. Walisuka viondo vya katani. Mwaka niliomaliza kidato cha nne, mfanyabiashara Mfaransa aliyekuwa akitoka Tsavo kutazama tembo alisimama Mtito Andei, akaviona viondo vyao kando ya barabara, akaagiza mia mbili kupitia kwa dereva wake. Wanawake walisuka miezi mitano, wakitembea, wakichunga, wakingoja zamu kisimani. Kuna waliosita mwanzoni. Mama ndiye aliyewashawishi, nyumba hadi nyumba. "Kikipotea hata kimoja," aliwaambia, "njooni mniulize mimi."

Siku ya kufunga mzigo, mama aliamuru kila kiondo kitiwe kiganja cha mbaazi. Kwetu kiondo hakiendi kwa watu kikiwa kitupu; ni kama umewatakia njaa. Hakuna aliyebisha. Mimi mwenyewe, msomi, nilitia mbaazi katika viondo thelathini.

Barua ilikuja Jumatano moja kupitia sanduku la posta la kanisa. Pasta aliigeuzageuza mbele ya wanawake wote.

"Hii si Kiingereza," alisema.

"Lakini naona mia mbili," akasema mwekahazina, akichungulia begani mwake. "Wanataka vingine mia mbili!"

Vigelegele vikapaa. Mama tayari alikuwa anacheza. Nikaichukua barua, nikasoma mistari mitatu, nikatamani nisingejua kusoma.

Ilitoka kwa wakala wa mizigo katika bandari ya Marseille. Viondo vilikuwa vimezuiliwa kwa sababu vilikuwa na mbegu zisizo na kibali, na mbegu zenyewe zilikuwa na fukusi. Mnunuzi alikuwa safarini, na mzigo uliandikwa jina la kikundi. Kikundi kisipokubali kwa maandishi kwamba mbaazi zimwagwe na viondo vipulizwe dawa, vyote vingechomwa Ijumaa.

"Ijumaa gani?" mama aliuliza.

"Keshokutwa, mwaitu."

Susu mmoja, bibi mkongwe kuliko wote, akaketi chini. "Macho yangu yameishia katika viondo vile," alisema, bila kumtazama mama. Wengine walimtazama.

Alhamisi asubuhi mimi na mama tulifika posta ya Mtito Andei kabla haijafunguliwa. Karani aliomba laini Nairobi, Nairobi ikaomba Ulaya, tukangoja hadi saa saba mchana. Mama hakuonja hata maji. Simu ilipounganishwa, sauti ya mwanamume ilimwaga Kifaransa kama gunia lililopasuka, na maneno yote niliyoyapanga yakanitoka.

"Polepole, bwana, tafadhali," nilisema.

Akarudia, haraka vilevile. Basi nikaigeuza bahasha, nikaandika kila alichosema, sauti kwa sauti, bila kujali kuelewa. Kisha nikamsomea. "Ndivyo kabisa," alisema. Nilipoisoma mara ya pili nikaelewa: alitaka telegramu ya idhini yenye nambari ya mzigo na jina la mwenyekiti, kabla ofisi yao haijafungwa siku ile.

Niliiandika pale pale kauntani. Karani aliipeleka herufi kwa herufi, akinung'unika, "Dada, hii lugha gani, kila neno lina mkia?" Kisha tukakaa kwenye benchi. Saa kumi simu ya posta ililia. Alikuwa yule wakala.

"Telegramu imefika," alisema. "Mbaazi zitamwagwa, viondo vitapulizwa dawa, vitatoka. Lakini niambie, binti, kwa nini mbaazi?"

Nikamweleza.

"Nyanya yangu hakuwahi kurudisha bakuli la jirani likiwa tupu," alisema. "Mwambie mama yako tumeelewa."

Nikamrudishia karani simu. Nilijivuna? Ndiyo, na bado najivuna. Katika wilaya nzima sijui nani mwingine angeipokea simu ile, na keki za moto zisingemsaidia mtu siku hiyo.

Dereva wa lori la saruji alitupakia mbele. Mama alikaa katikati, kiondo chake mwenyewe mapajani.

"Havichomwi?" aliuliza.

"Havichomwi, mwaitu."

Baada ya maili chache akauliza tena. "Hata kimoja?"

"Hata kimoja."

Akamgeukia dereva, mtu asiyejua lolote kuhusu mambo yetu. "Umesikia? Hata kimoja."

"Nimesikia, mama," dereva akasema. "Hongera."

Mama akavuta pumzi kuuliza mara nyingine, lakini swali halikutoka. Kichwa chake kikaniegemea begani. Tangu Jumatano hakuwa amefumba macho, na sasa alikoroma waziwazi, mdomo wazi, lori likiruka mashimo yote hadi Kambu.