Mkono Uliokatwa Kipese

Baba na mama waliuawa kwa panga na waasi katika shamba letu la kakao, upande wa Beni, mashariki ya Kongo. Mimi, mzaliwa wa kwanza, ndiye niliyewatambua: baba kwa mshipi wake, mama kwa kitenge. Tuliwazika haraka, risasi zikilia ng'ambo ya mto. Kisha nikaacha shule, nikawaleta wadogo zangu Butembo, katika chumba kimoja cha mtaa wa Vulamba. Nilisukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea magunia, nao wakala.

Lakini mdogo wangu anayenifuata hakutulia. Kila jioni alinoa panga la baba kwenye jiwe la mlangoni.

"Yaya," aliniita mimi mkubwa wake, "kakao yetu inaoza. Benye kutuua banaivuna. Nitarudia kule."

"Utarudia kufa."

"Basi unipe fasi ya kulima."

Fasi hiyo, mahali petu pa kulima, niliijua kwa kusikia tu. Baba alikuwa akisema kwamba wazee wake walitoka Kipese, milimani upande wa Lubero, na kwamba baba wa babu yangu alikuwa mhunzi mwenye jicho moja. Nikapanda huko. Chifu wa kijiji akanijibu kwamba wakimbizi wengi wanadai ukoo pale; nilete ushahidi wa jina la mzee wetu na wa mlima aliokaa.

Jina! Kwetu Wanande mtoto hupewa jina kwa zamu yake ya kuzaliwa. Mhunzi wetu alikuwa mwana wa pili, na milima ya Kipese imejaa wana wa pili wenye jina hilohilo tangu zamani.

Nikaenda Lubero, kwenye ofisi ya teritwari, yaani ya wilaya. Karani, mtu aliyetumwa kutoka jimbo lingine, alicheka.

"Mais petit, hapa bote jina moja! Mama zenu balikuwa banahesabu tu?"

"Ndiyo, chef. Juu basisahau hata mutoto mumoja."

Jibu lilimpendeza, akanifungulia stoo. Karatasi nyingi askari walikuwa wamewashia moto wa kupikia, nyingine zimeliwa na panya. Nilichambua zilizobaki kwa Kifaransa changu cha shule ya msingi hadi nikampata: mhunzi, chongo, mwana wa pili. Ilikuwa kesi ya enzi ya Wabelgiji. Alimkata kaka yake mkono wa kuume kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Akachapwa kiboko mbele ya watu mpaka akazimia, kisha akafukuzwa, yeye pamoja na mke wake, hadi Beni. Kumbe ndivyo tulivyofika kule.

Karani alikuwa akisoma juu ya bega langu. Akanionyesha kitabu cha historia ya parokia kilichoandikwa na padri wa zamani. Mlimani palepale palikuwa na katekista, naye mwana wa pili, ambaye watoto wake walihama wasirudi.

"Kamata huyu kuwa babu yako. Jina ni moja, nani atajua?"

Njia nzima ya kurudi Kipese nilimbeba yule katekista kinywani.

Chifu akanielekeza kwa mzee mwenye shamba la mlima huo, mjukuu wa yule aliyekatwa mkono. Nilimkuta akifyeka kwa panga kando ya viazi.

"Jambo, baba mukubwa."

"Baba mukubwa ya nani? Wewe wa nani?"

Nilifungua mdomo nimtaje katekista. Nikaliona lile panga lake. Nikafikiri: uongo huu ukifichuka kesho, watakaokatwa ni wadogo zangu.

"Mimi ni wa yule muhunzi. Mwenye kukata mukono."

Alinipiga kwa ubapa wa panga begani, tena shingoni, hata nikaanguka katika viazi. Nilionja udongo na damu. Alisimama juu yangu akihema.

"Babu yangu alikula na mukono ya kushoto mpaka kufa. Unajua ile?"

"Sasa najua, baba mukubwa."

Akatema mate pembeni. Kisha akajifuta uso.

"Benye kutoka Beni bote banakujaka hapa na jina ya katekista. Ule mutu alizala batoto bote bale namna gani!"

Akanyoosha panga kuelekea mteremko ng'ambo ya kijito, uliojaa matete.

"Mupaka balipiganiaka iko kule. Mulime kule, mbele ya macho yangu."

Nilipomwita, mdogo wangu alifika na panga la baba, limenolewa hata limekuwa jembamba. Mzee alilichukua, akalipima makali kwa kidole gumba, akamrudishia.

"Inakata. Anzia kwa matete."