Picha za Singo

Diski ya kompyuta yangu ilianguka ikafa nilipohama Riyadh kuja Jeddah. Nikampelekea fundi mmoja wa mtaa wa Ruwais, Mzanzibari mwenzangu, nikamwambia mara mbili: nitolee mafaili ya kazi tu, folda ya harusi usiifungue. Ndani yake mna picha za singo yangu, siku ya kusingwa kabla ya harusi. Tulikuwa wanawake peke yetu, vichwa wazi, mimi na kanga moja kifuani, nimepakwa liwa, ule msandali wa kusinga, mwili mzima.

Siku ya kuifuata, akanipitishia picha zile kwenye skrini, moja moja, anajisifu kuwa zote zimepona. Nikaifunika skrini kwa mkoba wangu, nikamuuliza nani kamtuma aifungue folda ile.

"Mafi mushkila, dada, hapana tabu. Mimi ni kama kaka yako."

Kaka zangu wa tumbo moja hawajawahi kuziona.